Makimbilio ya Wasichana katika Tarime na Serengeti

Leo twataka kuwaeleza kazi moja ifanywayo na makanisa katika nchi ya Tarime na Serengeti, mkoa wa Mara. Si kazi ya mimbarani. Ni kazi ya kupika uji, ya kutandika mikeka, ya kukesha mlangoni, na ya kufuata njia za vichakani usiku. Na wengi katika waifanyao hawapati mshahara wowote. Kazi yenyewe ni kuwapokea wasichana waliokimbia tohara, yaani kile ambacho siku hizi huitwa ukeketaji.

Twajua ya kuwa neno hili si jepesi kutamkwa mbele ya watu wazima na watoto pamoja. Katika nyumba nyingi halisemwi ila kwa mafumbo. Lakini jambo lifanywalo kwa ngoma na nyimbo, watu wakimsindikiza mtoto njiani, wengine wakicheza na kumtupia fedha na khanga, haliwezi kuitwa siri. Siri ni maumivu yake tu. Basi tutasema kwa adabu, lakini tutasema.

Kwanza tuieleze desturi yenyewe kwa haki, maana wengi huisema vibaya bila kuijua. Wakuria hutahiri wavulana na wasichana, na kila ukoo una wakati wake: Wairege, Wanyabasi, Wakira, Watimbaru na wengineo. Wazee wa mila wa ukoo hukaa faraghani, hutazama dalili wazijuazo wao, kisha hutangaza msimu. Kwa miaka ya karibuni msimu huo umezoea kuangukia miaka igawanyikayo kwa mbili: 2014, 2016, 2018, 2020, 2022, 2024, na katika mwaka huo huanza shule zikisha kufungwa, hata karibu na mwaka mpya. Na si Wakuria peke yao, kwa kuwa Wangoreme na jamaa wengine wa Serengeti nao wanayo desturi hiyo.

Mtoto aliyetahiriwa huhesabiwa kuwa mtu mzima. Hupewa zawadi, huvikwa nguo mpya, na wenzake walioingia pamoja naye huwa ndugu zake wa rika mpaka kufa. Msichana ambaye hakupita huko huitwa omosagane, na jina hilo huumiza kama fimbo. Atalisikia kisimani, atalisikia kwa mama mkwe, na hata akiwa mama wa watoto wanne kuna watakaomhesabu mtoto. Tena iko habari ya ng'ombe. Baba anayetaka kumwoza binti yake hutazamia mahari kubwa zaidi kwa binti aliyetahiriwa, na baba huyo huenda anao wana wa kiume ambao nao wangoja ng'ombe hao wapate kuoa. Ngariba hupata malipo yake kwa kila kichwa, na sehemu ya malipo hayo huwafikia wazee. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba desturi hii yasimama kwa ujinga peke yake. Yasimama kwa heshima, kwa mali, na kwa hofu ya laana. Na mambo hayo matatu yakishikana ni vigumu kuyang'oa kwa hotuba moja ya Jumapili.

Madhara yake yajulikana. Mtoto hutokwa na damu nyingi, na wako waliokufa. Wembe mmoja ukipita kwa watoto wengi huchukua maradhi kutoka kwa huyu kumpeleka kwa yule. Kovu hubaki, na mama akifika siku ya kujifungua kovu hilo halinyumbuki kama mwili mzima unyumbukavyo; huchanika, na mtoto huchelewa kutoka. Wauguzi wa hospitali za Tarime na Mugumu wayaona haya katika vyumba vya uzazi. Juu ya madhara ya mwili kuna jingine ambalo sisi walimu twaliona kuliko waganga: binti aliyetahiriwa amekwisha kutangazwa kuwa mke, hata kama ana miaka 12. Shule zifunguliwapo mwezi wa Januari, dawati lake li tupu.

Serikali ya Tanzania ilitunga sheria mwaka 1998, ikakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hata 15, au faini, au yote mawili. Kenya nayo, walikokaa Wakuria wa upande wa pili wa mpaka, ilitunga sheria yake kamili mwaka 2011. Desturi imepungua, hilo ni kweli. Uchunguzi wa afya uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hata 49, walikuwa wametahiriwa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 28. Katika nchi nzima hesabu ilishuka kutoka 10 hata 8. Lakini tazameni: mkoa wa Mara umejaa makanisa. Haiwezekani 28 katika 100 wakawa wote ni watu wasiopata kusikia Injili. Wamo binti za washirika, wamo na binti za wazee wa kanisa. Kusema hivi si kuwasuta. Ni kutaka kazi tunayoieleza ifahamike ilivyo, kwamba mara nyingi kanisa humpokea mtoto anayemkimbia mshirika wake lenyewe.

Makanisa haya si mageni katika kazi ya huduma. Wamenoni kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, mahali ambapo leo ni wilaya ya Rorya, na tangu mwanzo zahanati na shule zilikwenda pamoja na mahubiri. Miaka michache baadaye walipanda milima ya Wakuria wakajenga Nyabasi. Kanisa lao lilipata kujitawala mwaka 1960, na mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Wakatoliki wana jimbo la Musoma tangu mwaka 1957, na Waanglikana wana dayosisi ya Mara tangu mwaka 1985. Wasabato walitangulia wote hao, tangu enzi ya Wadachi. Kutibu wagonjwa na kufundisha kusoma, hakuna aliyewakataza. Neno la tohara ndilo lililokuwa gumu, na sababu mojawapo ya ugumu huo yatoka Kenya.

Mwaka 1929 baadhi ya misheni katika nchi ya Wakikuyu, hasa ile ya Kiskoti na ile ya African Inland Mission, ziliwataka washirika na walimu wao waikane tohara ya wasichana kwa ahadi ya kutia kidole gumba. Aliyekataa alitengwa, na mwalimu aliyekataa alipoteza kazi. Ndipo makanisa yalipofunguka milango yakabaki matupu. Watu wakaondoka kwa maelfu, wakaanzisha shule zao na makanisa yao, na ugomvi huo ukaingia katika siasa ya nchi. Mwezi wa Januari mwaka 1930 bibi mmoja mmisionari, Hulda Stumpf, aliuawa huko Kijabe. Habari hiyo ilisikika mbali, na kwa muda mrefu wamisionari wengi wa Afrika ya Mashariki walionelea heri kulizunguka jambo hili kuliko kuligusa.

Sisi twaona kosa la mwaka 1929 halikuwa kulisema neno lenyewe. Kosa lilikuwa kuanza na amri kwa mzazi kabla ya kuwa na mahali pa mtoto. Msichana Mkikuyu ambaye baba yake alitia kidole na mama yake akakataa, angekwenda wapi usiku ule? Huko kusini mwa Tanganyika, Masasi, Askofu Vincent Lucas alishika njia nyingine kwa jando la wavulana: aliyashika mafunzo na sherehe akayapa maneno ya Kikristo, asiwaambie watu watupe kila kitu. Ziko lawama juu ya njia hiyo pia, lakini ilifahamu jambo moja, kwamba mtoto ahitaji kuvuka mbele ya watu, apigiwe vigelegele, aambiwe sasa umekua.

Haya ndiyo yaliyoonekana Masanga. Masanga ni kijiji katika wilaya ya Tarime, na hapo Kanisa Katoliki, jimbo la Musoma, lina kituo cha masista ambacho tangu mwaka 2008 huwapokea wasichana katika msimu wa tohara. Mwaka wa msimu ukifika, huja kwa mamia. Wengine huletwa na wazazi wao wenyewe, wasioweza kushindana na babu na shangazi nyumbani, nao husema kwa ujanja kwamba mtoto amekwenda masomoni. Wengine hufika peke yao, wamevaa nguo ya shule na hawana kitu kingine. Hukaa wiki kadhaa. Hufundishwa habari za mwili wao, za sheria, za dini, za kazi za mikono. Hucheza mpira, huimba nyimbo za Kikuria ambazo wamezibadili maneno. Siku ya mwisho hufanyiwa sherehe. Huvaa vizuri, hutembea kwa maandamano, hupewa vyeti, na wazazi walioalikwa huwatunza zawadi kama ambavyo wangewatunza katika tohara. Mtu akiyatazama maandamano hayo kutoka mbali angedhani ni saro yenyewe. Kinachokosekana ni wembe tu.

Nani wafanyao kazi hapo? Masista ni wachache. Kundi kubwa la watoto halilishwi na masista wachache. Wako walimu walioacha likizo zao. Wako akina mama wa jumuiya ndogo ndogo waletao kuni, ndizi na unga wa ulezi. Wako makatekista wapitao vijijini kabla ya msimu, wakijua ni boma gani lina binti wa umri ule na ni baba gani ana moyo wa kusikia. Wako hata ngariba walioacha kazi yao, ambao hueleza mbele ya wazazi mambo ambayo mhubiri hawezi kuyaeleza. Twafikiri huyu ngariba mmoja aliyetubu ana nguvu kuliko wasemaji kumi waliotoka mjini.

Upande wa Serengeti, katika mji wa Mugumu, dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ilifungua nyumba salama mwaka 2014. Aliyeisimamia ni Bibi Rhobi Samwelly, mwenyeji wa mkoa huo. Yeye mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13, akatokwa na damu hata nusura afe, na amelisema hilo hadharani mara nyingi bila kulificha. Msimu ule wa kwanza wasichana zaidi ya mia moja waliingia katika nyumba ambayo haikuwa imezoea hesabu hiyo. Mwaka 2017 alianzisha chama kiitwacho Hope for Girls and Women in Tanzania, na kazi ikaenea hata wilaya ya Butiama.

Hebu tufuate njia ya mtoto mmoja, pasipo kumtaja jina wala kijiji, kwa kuwa ni njia ya wengi. Asikia jioni kwamba nguo zimenunuliwa na pombe imepikwa. Alfajiri asema aenda kuteka maji. Huacha ndoo kisimani, hupita mashamba ya mahindi, huvuka mto, hutafuta nyumba ya mtu ambaye amesikia kanisani au shuleni kwamba husaidia. Mtu huyo si polisi wala si mkubwa; labda ni mama mwenye genge la nyanya, au mwinjilisti wa kijiji. Humficha chumbani. Hupiga simu kwa nyumba salama na kwa dawati la jinsia na watoto la polisi. Usiku gari hutoka Mugumu, au pikipiki ikiwa mvua imeharibu njia, na mvua za Desemba huziharibu.

Hapo palikuwa na taabu ya ajabu kidogo. Ramani za nchi zilionyesha barabara kuu, tena zilionyesha vizuri mbuga ya wanyama ya Serengeti, ambako hakuna mtoto akaaye. Lakini vijiji vingi na vitongoji havikuonekana, na dereva wa polisi aliyeambiwa jina la kitongoji saa nane ya usiku hakujua aelekee wapi. Tangu mwaka 2015 kundi liitwalo Crowd2Map Tanzania limewakusanya watu wa nchi nyingi, wengi wao hawajapata kufika Afrika, ambao hukaa kwao jioni, hutazama picha zilizopigwa kutoka angani, na kuchora kila njia na kila paa katika ramani ya bure ya OpenStreetMap. Wenyeji wenye simu za mkononi huongeza majina: hapa ni shule, hapa ni kisima, hapa ni kanisa. Katika vijiji vya Serengeti wamewekwa watu wa kujitolea wenye simu hizo, wapelekao habari hatari inapoonekana. Twalipenda jambo hili kwa sababu laonyesha kwamba kujitolea si lazima mtu atoe fedha, wala si lazima awe jirani. Lakini kazi ya yule wa mbali haifai kitu bila yule wa karibu afunguaye mlango.

Na yule wa karibu hulipa. Ataitwa msaliti wa ukoo. Huenda wakaacha kununua nyanya zake, wakaacha kuja kwake kwenye msiba, na katika nchi ya Wakuria mtu asiyezikwa na watu wake ni mtu wa kuhurumiwa. Mzee wa mila aweza kumtisha kwa kiapo. Wanaojitolea mjini husifiwa. Wa kijijini hukaa na majirani zake mwaka mzima baada ya msimu kwisha. Tukitaka kujua kanisa fulani lafanya kazi kweli au laongea tu, tutazame kama lamtunza mtu huyo, kama wenzake humlimia shamba na kununua nyanya zake makusudi.

Wazee hutujibu kwa methali: mwacha mila ni mtumwa. Ni methali nzuri nasi twaifundisha shuleni. Lakini Wakuria wa zamani walitoboa masikio na kuyavuta hata ndewe zikaning'inia karibu na mabega, na aliyekuwa na sikio dogo alichekwa. Leo vijana wao wote wana masikio mazima, wala hakuna mzee aliyewaita watumwa, wala ng'ombe hawakufa. Mila iliachwa taratibu, na Wakuria wamebaki Wakuria.

Msimu ukiisha huja sehemu ngumu, ambayo wageni wapigao picha za sherehe huwa wamekwisha kuondoka. Mwezi wa Januari wazazi huitwa. Afisa wa ustawi wa jamii hukaa, polisi hukaa, mchungaji au sista hukaa, na mtoto hukaa mbele ya baba yake. Mzazi akikubali hutia sahihi ahadi kwamba hatamkeketa binti yake wala hatampiga wala hatamwoza, na mtoto hurudi nyumbani. Watu wa kujitolea humtembelea baadaye kuona kama ahadi yashikwa. Wengi hurudi hivyo. Lakini wako akina baba wasemao wazi, mbele ya polisi, kwamba huyu si mtoto wangu tena. Mtoto huyo hubaki mikononi mwa kanisa. Atahitaji karo, sare, daftari, sabuni, na mtu wa kumwuliza alikuwa wapi akichelewa kurudi. Katika nyumba ya Mugumu wasichana wa namna hii hufundishwa cherehani na kazi nyingine, na wengine wamepelekwa shule za bweni. Kumwokoa mtoto ni kazi ya usiku mmoja. Kumlea ni kazi ya miaka saba au minane, na sadaka za Jumapili katika vijiji vya wakulima hazitoshi kwa hayo. Fedha nyingi zimetoka ng'ambo, na fedha za ng'ambo huja na kukoma kwa sababu zisizojulikana Mugumu. Twaona makanisa ya Mara yangefanya vizuri kuwa na shamba la nyumba hizo, hata kama ni la mahindi na mihogo tu, kuliko kungoja barua.

Neno moja zaidi kwa wazazi. Kwa kuwa sheria yaogopwa, wengine wameanza kuwatahiri watoto wakiwa wadogo zaidi, kwa siri, bila ngoma, au kuwavusha mpaka usiku kwenda kwa jamaa upande wa Kenya, na wale wa Kenya huwaleta wao upande huu. Kwa hiyo msihesabu miaka ya mbili-mbili tu, mkadhani mwaka usiogawanyika ni mwaka wa amani. Mtoto akiondolewa ghafula shuleni kwenda kwa shangazi katikati ya muhula, mwalimu aulize.

Na kwa ninyi wanafunzi mlio katika hatari, au mnaomjua mwenzenu aliye katika hatari: mwambieni mwalimu mnayemwamini, au mtendaji wa kijiji, au mchungaji, au nendeni kituo cha polisi mkaulize dawati la jinsia na watoto. Iko pia namba ya simu ya watoto, 116, ambayo hupigwa bila malipo kutoka mahali popote katika Tanzania. Mpigaji aseme jina la kijiji na la kitongoji, na alama iliyo karibu na nyumba, kama vile shule, kisima au mti mkubwa, ili watakaotumwa usiku wasipotee njia.